Duka kubwa likija Bulambika, nani atatuandikia deni?

Karibu kila butike ya Bunyakiri ina daftari. Mara nyingi ni daftari ya shule, pembeni imeshaloa mafuta ya mawese, na ndani yake kuna majina ya wachimbaji: nani alichukua unga, nani sabuni, nani betri ya tochi, na kiasi gani. Mchimbaji anaweza kukaa kwenye shimo wiki mbili, wiki tatu, wakati mwingine miezi, bila kuona hata feranga moja, kwa sababu shimo halijafika kwenye madini ao maji yameingia. Nyumbani watoto wanakula. Wanakula juu ya ile daftari. "Mama, unipatiye paka kilo mbili ya bunga, production ikitoka njo nitalipa." Mwenye butike ananung'unika kidogo, anaandika.

Tunaanza na daftari hiyo kwa sababu watu wakiongelea duka kubwa wanaongelea bei tu. Bei ni jambo la maana, tutafika huko. Lakini familia ya mchimbaji inaishi pia kwa deni, na deni inahitaji mtu anayekujua wewe, anayejua shimo lako, PDG wako, hata mama mkwe wako. Mashine ya kuhesabu pesa haimjui mama mkwe wa mtu.

Tukisema duka kubwa hatusemi alimentation ya kona pale Bukavu. Tunasema ile nyumba ndefu yenye sakafu ya saruji na taa mchana kutwa, nafasi ya magari mbele, ndani sufuria, mabati, nguo, mchele, simu, godoro, vyote chini ya paa moja, vya tajiri mmoja, bei imebandikwa na hakuna kujadiliana. Mtu wa Bulambika atacheka: nani ataleta kitu kama hicho huku, kilometa kama 80 toka Bukavu, njia ya Miti inayopita ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, lori likikwama watu wanalala humo? Acheke. Mahali penye madini pesa hufika, na siku njia itakapotengenezwa, magari ya kwanza kupita hayatakuwa ya wamama wanaobeba mihogo. Vema tujue mapema walivyofanya wenzetu wa mahali pengine, nani alishinda, nani alipiga kelele bure.

Tuende Nairobi kwanza, kwani huko mambo yalifanyika mbele ya macho ya wote. Mwisho wa Januari 2023 duka linaloitwa China Square lilifungua milango ndani ya Unicity Mall, kwenye barabara ya Thika, karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwenyewe ni Mchina, Lei Cheng. Vyombo vya nyumba, vifaa vya umeme, mashuka, vitu vya watoto, vyote vilikuwa humo, na bei zake ziliwaacha chini sana wafanyabiashara wa Gikomba, Nyamakima na Kamukunji. Watu wa Nairobi wakajaa humo na vikapu.

Wafanyabiashara wadogo waliona hatari mara moja. Wao wananunua kwa mwagizaji, mwagizaji naye amenunua kwa mtu wa katikati kule China, na kila mkono unabakiza kitu chake: usafiri, ushuru wa bandari, kodi ya stoo. Yule mwenye duka kubwa anavuta bidhaa kutoka kiwandani mpaka kwenye rafu yake. Sufuria ile ile, safari mbili tofauti. Mchimbaji anaielewa hesabu hii bila kufundishwa: ni sawasawa na tofauti kati ya bei anayopewa shimoni na bei ya kontwari.

Tarehe 24 Februari, waziri wa biashara wa Kenya wa wakati ule, Moses Kuria, akatangaza kwamba amependekeza kwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kununua mkataba wa pango wa ile nyumba, ili ipewe wafanyabiashara wa Gikomba, Nyamakima, Muthurwa na Eastleigh. Wachina tunawakaribisha, ndivyo alivyoeleza, lakini waje kutengeneza vitu, wasije kuviuza. Siku hizo hizo duka likafungwa. Tarehe 28 Februari wafanyabiashara wakaandamana katikati ya Nairobi na mabango yanayosema Wachina waondoke. Ungefikiri kazi imekwisha.

Kumbe hapana. Katibu mkuu wa mambo ya nje, Korir Sing'oei, aliwaambia wawekezaji wa nchi yoyote wasiwe na wasiwasi. Katika mwezi wa Machi duka likafunguliwa tena, wanunuzi wakarudi, na baadaye China Square ikaongeza matawi mengine.

Kwa maoni yetu, wale wandugu walikuwa na haki ya kulalamika lakini walilenga vibaya. Bango lao lilikuwa linasema mwenye duka ni nani. Halikusema anafanya nini. Kama kuna bidhaa za uongo kwenye rafu, Kenya ina ofisi yake ya kupambana na bidhaa bandia. Kama mtu anauza chini ya gharama ili kuwaua wengine halafu apandishe bei, kuna mamlaka ya ushindani. Kwenye ofisi kama hizo unaingia na faktura mkononi, unaonyesha: sisi tunanunua kwa kiasi hiki, ushuru ni huu, yeye anauza kwa kiasi hiki, mtueleze inawezekanaje. Mlango huo ni mgumu na hauna kamera za televisheni, ila unaenda mahali. Halafu kuna jambo la pili, zito zaidi: nani aliongea na wanunuzi? Mama wa Nairobi aliyepata sufuria kwa nusu ya bei alikuwa amesimama upande wa duka kubwa, na hakuna mwandamanaji aliyemwuliza kwa nini.

Dar es Salaam walipitia njia nyingine. Wafanyabiashara wa Kariakoo wana jumuiya yao na wana kitu kimoja ambacho serikali yoyote inakiogopa: wakifunga milango siku moja, nchi jirani zote zinasikia, hata sisi huku. Mei 2023 walifunga kwa sababu ya kodi na usumbufu, mpaka waziri mkuu Kassim Majaliwa akaja kukaa nao hadharani kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja na kuwasikiliza mmoja mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Malalamiko yao juu ya wageni wanaouza rejareja mle sokoni yaliendelea, na Februari 2025 waziri wa viwanda na biashara, Selemani Jafo, akaunda tume ya watu 15 chini ya Profesa Edda Lwoga ichunguze. Julai 2025 likatoka agizo la serikali lenye kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Mgeni akikamatwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 ao kifungo mpaka miezi sita. Raia anayemkopesha mgeni jina lake naye anaadhibiwa.

Katika zile aina 15 kuna uchimbaji mdogo wa madini. Wasomaji wetu waliangalie hilo vizuri. Kwa Watanzania, mwenye kibanda cha simu na mwenye sururu waliwekwa kwenye karatasi moja, kwa sababu tatizo ni moja: mwenye mtaji mkubwa anashuka mpaka kwenye kazi ya mwenye mtaji mdogo.

Lakini soma mpaka mwisho wa mstari. Agizo linakataza wageni kuuza jumla na rejareja, isipokuwa supermaketi. Yaani butike ya mgeni imekatazwa, na lile duka refu lenye taa linabaki halali. Kenya ililalamika kwamba agizo linavunja makubaliano ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, ambayo na sisi Wakongo tumo ndani yake tangu 2022. Kwa hiyo hata walioshinda vizuri zaidi ya wote katika eneo letu hawakufunga mlango tunaouongelea hapa.

Huku kwetu sheria inafanana. Sheria-amri namba 90-046 ya tarehe 8 Agosti 1990 inasema biashara ndogo ni ya raia. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 35, inasema Serikali inahimiza biashara ndogo ya Wakongo. Watu wengi wanatamka sheria hiyo kama vile ni ukuta. Ila kifungu kile kile cha 35 kinahakikisha pia haki ya mtu binafsi kuanzisha kazi yake, raia na mgeni, wote. Na ile ya 1990 inagusa biashara ya patente. Kampuni iliyoandikwa kwenye rejista ya biashara inaingia kwa mlango mwingine. Tena nani kasema tajiri wa duka kubwa atakuwa mgeni? Anaweza kuwa mtoto wa Bukavu, Mkongo kabisa, mwenye nyumba Muhumba. Bango lako la kumfukuza mgeni litamgusa wapi huyo?

Wenye umri wanakumbuka tulichofanya wenyewe. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation: maduka, mashamba na depo za Wagiriki, Wareno, Wapakistani na wengine zikapewa wananchi, wengi wao wakiwa watu wa chama. Waliopewa waliuza vilivyokuwa kwenye rafu, na rafu zikabaki vilevile, tupu. Mwaka wa 1976 Serikali ilikuwa inawarudishia wenyewe wa zamani walichonyang'anywa. Mgeni aliondoka, na mwanakijiji hakupata butike wala chumvi. Ndiyo maana tunaogopa upinzani unaojua paka jina la anayepaswa kuondoka.

Kuna mahali pengine ambapo watu walipambana na duka kubwa kuliko yote duniani, na wakatoka na kitu mkononi. Mwaka 2010 kampuni ya Walmart ya Marekani iliomba kununua sehemu kubwa ya Massmart, kampuni ya maduka ya Afrika Kusini. Sendika ya wafanyakazi wa maduka, SACCAWU, na wizara tatu za serikali hazikubaki barabarani. Ziliingia kwenye mahakama ya ushindani na hesabu za ajira na za viwanda vinavyouza bidhaa zao kwa Massmart. Mei 2011 mahakama ilikubali ununuzi, lakini kwa masharti: wafanyakazi wasifukuzwe kwa miaka miwili juu ya ununuzi huo, mikataba ya sendika iheshimiwe, na kampuni itoe mfuko wa randi milioni 100 wa kusaidia watengenezaji wa bidhaa wa ndani. Walikata rufaa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya ushindani iliamuru wafanyakazi 503 waliokuwa wameondolewa warudishwe kazini, na mfuko ukaongezwa angalau mara mbili. Duka halikuzuiwa. Wengine wanaita hiyo kushindwa. Sisi tukimwangalia mmoja wa wale 503 akirudi kazini, hatuwezi kuita hivyo.

Na kabla hatujarudi nyumbani, kumbuka kwamba duka kubwa linaweza pia kuondoka. Waliofika Kigali wanaikumbuka Nakumatt, ile ya Kenya. Ilianguka na madeni ya watu waliokuwa wanaiuzia bidhaa, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe kabisa. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua Kinshasa mwaka 2012, na siku hizi haiko tena. Wenye mtaji wa mbali wakiona hesabu hailipi wanafunga na kwenda. Kinshasa hilo linavumilika, kwani maduka ni mengi. Katika kituo kidogo, kama lile duka limeshawafunga wenye butike kumi na tano kwa miaka mitatu halafu nalo linaondoka, unabaki na nini? Wale kumi na tano wameshauza rafu zao na wameenda Bukavu kutafuta kazi ya moto.

Sasa turudi Kivu ya Kusini, maana mchimbaji wa hapa ameshaiona filamu hii, ila kwake ilikuwa ya dhahabu. Pale Luhwindja, katika teritware ya Mwenga, kampuni ya Banro ya Canada ilikuwa na haki ya Twangiza kwa karatasi za Kinshasa. Dhahabu ya kwanza ya kiwanda ilitoka 2011. Wachimbaji wa mikono waliokuwa wanaishi kwa mlima ule waliondolewa, na familia nyingi zikahamishwa mpaka Cinjira, mlima wa baridi. Kulikuwa na mikutano, kulikuwa na maandamano, kulikuwa na ahadi. Lakini sehemu kubwa ya mabishano ilikuja wakati karatasi zimeshasainiwa. Kila mtu wa Kivu anajua ugumu wa kubishana na karatasi iliyosainiwa.

Kwa hiyo, kama kuna kazi moja ya kwanza kwa kamati yoyote ya kupinga duka kubwa, ni kujua mapema. Duka refu linahitaji ardhi kubwa na iliyo sawa, kando ya njia. Katika Bulambika ardhi ya namna hiyo watu wanaihesabu kwa vidole: ni sokoni, ni uwanja, ni shamba la mtu karibu na barabara. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inataka uchunguzi ufanyike kabla ya kutoa ardhi ya kijijini kwa mkataba wa Serikali. Na uchunguzi huo una maana: wanapaswa kuandika watu wote walioko pale ao wanaofanya kazi pale, kueleza kilichopo, na kusikiliza malalamiko ya mdomo na kupokea ya maandishi. Mama anayepanga nyanya kwenye kona ile tangu miaka kumi ni "mtu anayefanya kazi pale." Jina lake linapaswa kuwa kwenye ile karatasi. Lakini kama siku wachunguzi wanapita hakuna aliyeambiwa, wataandika kwamba mahali ni tupu. Mahali tupu! Na wamama hamsini wamekaa.

Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 nayo inasaidia. Inataka kila mradi unaoweza kuharibu mazingira, na ule wa biashara umetajwa humo, ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara kwa mazingira na kwa watu, na wananchi waulizwe hadharani. Baada ya yale ya Bushushu na Nyamukubi, Mei 2023, katika teritware yetu hii hii ya Kalehe, ambapo maji na udongo vilifunika vijiji na kuua mamia ya watu, hakuna kiongozi anayeweza kusema maji ya mvua ni jambo dogo. Nyumba yenye paa kubwa na uwanja wa saruji inapeleka maji yake wapi? Ni swali la haki, na mwenye duka lazima awe na jibu lake kwenye mchoro kabla ya jiwe la kwanza.

Nani atasimama mbele? Hapa tunasema wazi: si wenye butike peke yao. Wenye butike wakiandamana peke yao, kila mtu ataona wanatetea faida yao, na atakuwa anaona vizuri. Nguvu ya Bunyakiri iko kwa wanunuzi wenyewe, yaani wachimbaji na wake zao, wamama wa soko, watu wa moto wanaobeba mizigo, walimu, wakulima wa Kalima na Mubuku wanaoleta mihogo na mawese. Wachimbaji wanayo tayari kooperative. Kanuni ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inamtaka mchimbaji wa mikono awe na karti yake na awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Wengi wanaiona kooperative kama ofisi ya kulipisha tu, na mara nyingine wana haki. Lakini ina orodha ya wanachama, ina mihuri, ina watu wanaojua kuandika ripoti. Hivyo vitatu ndivyo kamati mpya inavikosa siku ya kwanza.

Na sasa bei, kama tulivyoahidi. Familia ya mchimbaji ikiona mabati ya duka kubwa yamepungua dola mbili kwa kila moja, itanunua huko. Msiwatukane. Mwenye butike anayetaka majirani wamtetee lazima naye aweke kitu mezani. Kuna butike, kila mtu anazijua, ambapo deni ya unga wa feranga elfu tatu inageuka elfu tano siku ya kulipa. Kuna nyingine ambapo mchimbaji mwenye deni analazimishwa kuuza madini yake kwa shemeji wa mwenye butike, kwa bei ya shemeji. Mtu aliyefungwa hivyo, utamwambiaje apinge duka kubwa? Atalishangilia kama mkombozi. Kamati inayotaka kushinda ianzie hapo: wenye butike wakubaliane mbele ya watu nyongeza ya deni isipite kiasi fulani, na wasichanganye deni na bei ya madini. Halafu wafanye kile wafanyabiashara wa Gikomba hawakukifanya kwa wakati: wanunue pamoja. Butike ishirini zikiagiza mchele kwa lori moja toka Bukavu, badala ya kila mmoja kubeba mifuko miwili juu ya moto, bei inashuka bila kumngoja tajiri.

Watu wa kwetu wanapenda ville morte. Ni silaha ya kweli, na Bukavu imeitumia mara nyingi. Ila fikiria inamkata nani. Mama anayeuza ndizi anakula usiku alichouza asubuhi. Mwenye duka kubwa ambaye hajafika bado halali njaa siku ile. Bora ifungwe siku moja kwa sababu moja, siku ya kikao ambacho uamuzi utafanyika, kuliko siku tatu kwa hasira. Maandamano nayo yana njia yake: Katiba, kifungu cha 26, inataka wanaoyapanga wamjulishe kwa maandishi mwenye mamlaka. Barua hiyo iende mapema, na iwe na majina ya watakaohakikisha vijana hawatupi mawe. Jiwe moja kwenye kioo, na kuanzia hapo redio zote zitaongea juu ya kioo.

Mtu atatuuliza: vita imefika mpaka Bukavu tangu Februari 2025, watu wanakimbia, na ninyi mnaongelea maduka? Ndiyo. Wakati watu wamekimbia ndipo mpaka wa shamba unasogezwa kimya kimya. Watakaorudi watakuta ukuta umejengwa, na mlinzi juu yake.

Lile linaloweza kufanywa hata bila kuandamana ni barua ya pamoja. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mkongo haki ya kupeleka ombi kwa mwenye mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mwenye mamlaka anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Iandikwe kwa Kifaransa cha kawaida, na Kiswahili chake kisomwe sokoni kabla watu hawajasaini, ili mtu asiweke kidole kwenye kitu asichokielewa. Isiwe ndefu. Iseme mahali gani, mradi gani, nani anafanya kazi pale leo na ni wangapi kwa hesabu yenu wenyewe, na mnaomba nini: uchunguzi wa ardhi ufanywe mbele ya watu, mchoro uonyeshwe, ama mradi upelekwe mahali pengine, ama ukubaliwe kwa masharti haya na haya. Masharti yawe ya kushikika: vijana wa Kalima na Mubuku waajiriwe kwa idadi iliyoandikwa, mihogo, maharage na mawese ya duka yanunuliwe hapa, wamama wa kona wapewe nafasi upande wa barabara bila kulipa mara mbili, na maji ya mvua yapitishwe mfereji. Chini yake majina, namba za karti za uchimbaji kwa wale walio nazo, na vidole vya wale wasioandika.

Kopi ziwe nne. Moja kwa mkuu wa grupema, moja kwa sheferi ya Buhavu, moja kwa ofisi ya teritware pale Kalehe, na ya nne ibaki kwenu. Asipeleke mtu mmoja: waende watatu, na mmoja wao awe mama. Pale sekretarieti watasema mkuu hayupo, muache tu juu ya meza. Msiache. Kaeni kwenye benchi mpaka ile kopi yenu ipigwe kashe na iandikwe tarehe. Bila tarehe, ile miezi mitatu mtaihesabu kutoka wapi?